Sura Ambayo Shangazi Aliiruka

Mgololo, Mufindi
19 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote pokea salamu za mkwe wako Obeid, ambaye amekaa hapa pembeni yangu anamenya viazi. Ndiyo, anamenya viazi! Ningekuwa na uwezo ningemleta huko Soweto, Mbeya, nikampitisha nyumba kwa nyumba watu wamwone. Wiki ya sita hii tangu tufunge ndoa, na bado akirudi zamu anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, halafu anauliza, "Mwenye nyumba hii ameolewa?" Mimi nacheka mpaka jirani yetu Juliana anagonga ukuta.

Huku baridi yenu ya Mbeya ni mchezo. Asubuhi ukungu unashuka kwenye misindano na mikaratusi, huoni hata bomba la moshi la kiwanda cha karatasi. Obeid ananivalisha koti lake. Linanifika magotini. Sitaki lingine.

Najua simu kwako ni kelele tu tangu sikio lile liugue, ndiyo maana naandika. Na simu yangu mchana anakaa nayo Obeid, anakwenda kuichaji kazini, anasema umeme wa hapa nyumbani unaua betri. Jioni ananirudishia, na meseji za watu wasio na maana ameshanijibia. Shangazi, sijawahi kutunzwa hivi.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenitia kinyaa. Mama mkwe Jumapili anasali Kilutheri kama watu wengine, lakini kila Alhamisi kuna kikundi cha maombi kwa Mzee Ezron, fundi wa majiko ya mkaa. Si mchungaji, si mwinjilisti, hakutumwa na mtu. Anasema yeye anafanya yaliyoandikwa, basi. Alhamisi iliyopita mama mkwe jicho lilikuwa linawasha. Mzee Ezron akainama, akatema mate sakafuni, mate ya mzee mwenye meno manne, akayakoroga na udongo kwa kidole, akampaka! Akamwambia nenda kanawe bombani. Nilibana mdomo kwa khanga. Obeid akanifinya mkono, akaninong'oneza, "Usicheke. Ndivyo ilivyoandikwa." Sikuwa nacheka, shangazi. Nilikuwa nazuia kutapika.

Wewe umefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini. Niambie: yale yote yalitokea kweli kama yalivyoandikwa? Mwalimu wetu wa historia kidato cha tatu alikuwa anasema ukipewa maandishi ya zamani uulize nani aliandika, lini, na alikuwepo au alisimuliwa. Nilimuuliza Obeid hivyo. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema maswali hayo niyaache shuleni. Ana sauti nzuri huyu mwanaume!

Mwanao mwenye furaha,
Tupokigwe


Soweto, Mbeya
9 Juni 2024

Tupo,

Marahaba. Barua yako niliipata dukani kwa mwanangu Isakwisa, Mwanjelwa, ilikaa wiki nzima chini ya boksi la viatu, ndivyo alivyo. Yeye ni mzima, anakusalimu. Sikio langu la kulia limekufa kabisa. La kushoto linasikia lile lisilotakiwa, kama vile kwaya ya vijana. Binamu yako Gloria amejifungua mtoto wa kike.

Jicho la mama mkwe limepona? Hujaniandikia. Kama bado lina usaha mpelekeni zahanati, na huyo Ezron mumpe mswaki.

Umeniuliza kama yote yalitokea. Nimekaa na swali lako siku kadhaa, na sikulipenda. Miaka ya nyuma mchungaji mmoja aliyesoma sana alitufanyia semina sisi walimu. Alisema vitabu vile viliandikwa na mikono mingi, kwa miaka mingi, na wengine waliandika mambo yaliyotokea kabla ya babu zao kuzaliwa. Waliyapokea kwa masimulizi, wakayapanga, wakanakili, na aliyenakili naye akaongeza lake. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikafundisha kama kawaida. Nadhani hivyo ndivyo wengi tunavyofanya. Mimi naamini Mungu yumo humo. Ila siamini kwamba kila aliyeshika kitabu hicho Mungu yumo mkononi mwake.

Adrian, yule dereva wa lori, mtoto wa jirani yangu, anakuja huko kupakia karatasi. Nimempa kilo kumi za mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi akuletee.

Swali langu ni moja. Betri ya simu inayochajiwa kazini kila siku inachukua saa ngapi kujaa?

Shangazi yako,
Eveline


Mgololo
7 Julai 2024

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo na ndaga fijo, asante sana! Mchele umefika, nilipoufungua harufu yake ikajaza nyumba nzima, nikalia. Mtoto wa Gloria mbusu mashavu yote mawili. Mama mkwe jicho lilipona, ila alikwenda zahanati kwa siri akapewa dawa ya matone, na Alhamisi akasimama kutoa ushuhuda wa udongo. Chupa ya matone niliiona mimi kwenye kabati la vikombe! Nikafunga mlango wa kabati. Nilichoka, hata sikujua nimkasirikie nani.

Adrian alifika mchana, akabeba gunia mpaka ndani, nikampa chai, akatuchekesha mimi na Juliana kwa kuigiza unavyogombana na redio. Juliana akaondoka kwenda mgahawani kwake, Adrian akamalizia chai, akaenda. Obeid aliporudi akakuta vikombe kwenye beseni, akavitazama muda mrefu. Hakubisha hodi siku hiyo. Usiseme kitu, shangazi, najua utasema! Ni wivu mtamu wa mtu anayependa. Tulipolala alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukafa ganzi, sikuutoa.

Basi sikiliza. Tangu wiki ile Mzee Ezron ameanza somo jipya, la maji. Anasema kuna maji yaliyoandikwa, ya wake. Mke mwema akiyanywa anashika mimba. Nilifurahi, sikufichi. Mwezi huu nimeona siku zangu tena na mama mkwe ameanza kuniangalia tumbo kama anaangalia chungu kisichochemka. Wamepanga mimi ninywe. Mama mkwe ameniambia nifumue rasta zangu zote siku hiyo, nywele ziwe wazi. Rasta za harusi, shangazi! Obeid naye amehangaika mpaka Mafinga, ameuliza maduka matatu, akarudi na kilo moja ya unga, akaweka juu ya kabati. Nikauliza ni wa uji? Akasema usiuguse, na usitie mafuta. Nimefurahi jinsi anavyojishughulisha na mambo ya jikoni.

Lakini jana Juliana akanikalisha. Akaniambia, "Wewe unajua wanachotia humo?" Maji ya bombani kwenye chungu. Halafu mzee anazoa vumbi la sakafu yake, pale pale tunapovua viatu na kuku wake wanapolala. Halafu anaandika laana kwenye karatasi, anaiosha humo humo mpaka wino utoke, na mwanamke anakunywa. Mwaka jana alikunywa Faustina, mke wa fundi mmoja. Akaharisha na kutapika siku nne, tumbo likavimba kama ngoma. Mzee Ezron akasema, mnaona, imetimia. Mume akamrudisha kwao Njombe na sanduku moja.

Mwe, shangazi! Kinyesi cha kuku kwenye kikombe, mtu akivimba tumbo wanaita ushahidi! Hiyo nayo ni historia? Sijala tangu jana. Na wanaokaa pale ni watu wazima, wengine wamesoma kunizidi, wanaitikia amina.

Hakika ni mama mkwe aliyetia jambo hili. Obeid wangu hawezi, yeye anataka mtoto tu. Nilitaka kuisoma hiyo sura mwenyewe lakini Biblia yetu ya harusi Obeid ameipeleka kwa Mzee Ezron, waichambue pamoja. Je, kweli imeandikwa?

Wako,
Tupo

N.B. Barua yako nitumie kwa jina la Juliana, mgahawani. Ni kwa sababu ya mvua tu, basi linasimama pale karibu.


Soweto
14 Julai 2024

Tupokigwe,

Marahaba. Mvua ya Julai huko Mufindi sijawahi kuisikia, lakini nimeandika jina la Juliana kama ulivyotaka. Nimempa kondakta mwenyewe mkononi, Isakwisa hakuigusa.

Imeandikwa. Kitabu cha nne, Hesabu, sura ya tano, kuanzia katikati mpaka mwisho: maji ya kumpima mke anayeshukiwa uzinzi. Nimeisoma leo baada ya ibada nikiwa nimevaa miwani na bado nimevaa viatu. Sasa nikuambie nilichofanya miaka thelathini. Nilipofika sura ile niliiruka. Nilitoka hesabu ya makabila nikaenda kwenye baraka ya makuhani, watoto wakaimba, tukagawana biskuti. Mwaka 1998 binti mmoja mwenye akili kama zako aliisoma peke yake nyumbani, akaja kuniuliza mbele ya darasa: mwalimu, na mwanaume akishukiwa anakunywa nini? Nikamtoa nje. Alikaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha. Jina lake nalikumbuka lakini siliandiki.

Hilo ndilo linalonichefua leo, kuliko hata kuku wa Ezron. Sisi tuliojua kusoma tuliiruka, tukaiacha pale chini, naye akapita akaiokota.

Kuhusu historia. Nimekaa na yule mchungaji wa semina, sasa amestaafu, anafuga nyuki. Anasema katika maandiko yote matakatifu hakuna hata mwanamke mmoja anayetajwa kwa jina kwamba aliyanywa maji yale. Sheria ipo, kesi haipo. Kama yalinywewa hasa, nani anajua. Na wenye kitabu chenyewe waliiacha desturi hiyo zamani sana. Anasema huenda iliandikwa kuwazuia wanaume wa enzi zile wasiwapige wake zao mawe kwa kushuku tu. Huenda. Alisema "huenda" mara nyingi, nikampenda kwa hilo. Ezron hana hata moja.

Sasa jambo la mwisho, na hapa sitakuandikia jibu. Nenda kwa Juliana, azima Biblia, soma polepole. Soma imeandikwa nani ndiye anayempeleka yule mwanamke kwa kuhani. Si mama mkwe. Si kikundi. Soma anapaswa kubeba unga wa nini mkononi, na usiotiwa nini. Halafu panda kwenye kiti, shusha ule unga, uonje.

Usinywe.

Shangazi yako


Soweto
4 Agosti 2024

Tupo,

Wiki tatu. Juliana amempigia Isakwisa akasema barua uliipokea, uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaenda. Hajui zaidi.

Sisi wazima. Mtoto wa Gloria amepewa jina langu, maskini.

Nijibu hata mstari mmoja.

Eveline


Mgololo
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nisalimie Eveline mdogo.

Ni shayiri.

Niliuonja. Halafu nikakaa kwenye kile kiti na unga mdomoni, sikumeza, sikutema. Nilikuwa nimeshasoma kwa Juliana. Mume akiingiwa na roho ya wivu, mume ndiye anayempeleka mkewe, na mume ndiye anayembebea unga wa shayiri usiotiwa mafuta. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa. Mzee Ezron hafanyi jambo lisiloandikwa. Asingegusa chungu bila Obeid kwenda kwake kwa miguu yake na kutaja jina langu.

Usiku huo sikusema. Wala siku iliyofuata. Nilipika, nilicheka anapobisha hodi. Ndiyo, ameanza tena kubisha hodi. Nilikuwa najitazama ninavyocheka, najisikia uchafu, kama mtu anayelamba sahani ya mwenzake. Wiki mbili nzima nilifanya hivyo. Ndiyo sababu sikukuandikia, ningeandika uongo.

Jumapili iliyopita nikamuuliza.

"Obeid, uliniombea maji wewe?"

Akaweka kijiko chini. "Nani kakuambia?"

"Sura yenyewe."

Halafu akasema, "Mimi nimetii Neno tu, Tupo. Moyo wangu ulikuwa unaungua. Vikombe vilikuwa vitatu, wewe unasema Juliana alikuwepo, lakini Juliana anasema aliondoka mapema."

"Aliondoka. Nilikuambia aliondoka."

"Sasa unaona?"

"Naona nini?"

"Kama huna hatia unaogopa nini? Ni maji. Yakipita yamepita. Nitakuwa mume wako mpaka kufa, sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Nikamwambia kuhusu Faustina, kuhusu kuku. Nikamwambia alichosema yule mchungaji wako, hakuna hata jina moja, hatujui kama yalinywewa. Akasema kama tunaanza kuchagua lililotokea na lisilotokea, basi tuchague na ufufuo, tubaki na nini? Hilo swali ni zuri, na limenichukiza zaidi kwa sababu ni zuri. Halafu akalia. Aliniwekea kichwa mapajani akalia kweli, machozi yalilowanisha kitenge. Nikamshika nywele. Mkono wangu ulimshika wenyewe.

Wamepanga Alhamisi ya tarehe 29. Nafikiri nitakunywa. Nitafunga macho. Nisipokunywa watanirudisha kama Faustina, na mimi nyumba yangu naipenda, na yeye nampenda, hata leo. Najua utanidharau.

Simu yangu hajanirudishia tangu Jumatatu.

Tupo


Soweto
16 Agosti 2024

Tupokigwe mwanangu,

Sijakudharau. Nilisoma barua yako nakula ugali na matembele, nikasukuma sahani. Nimewadharau wengi wiki hii, wewe humo.

Jibu la swali la mumeo ninalo, si refu. Mwulize kaburi lilipokutwa tupu ni nani waliokimbia kwenda kusema. Wanawake. Na wanaume walisema ni upuuzi, imeandikwa hivyo hivyo, na imeandikwa kwamba waliosema upuuzi ndio waliokosea. Mimi nimeamini jambo kubwa kuliko yote kwa ushahidi wa wanawake ambao hakuna aliyewanywesha vumbi kwanza. Mtu anayetaka ufufuo na chungu kwa pamoja hajausoma ufufuo.

Zaidi ya hapo sijui. Sijui yote yaliyotokea. Nimezeeka sijui, na bado nasali. Inawezekana.

Lakini la maji nalijua. Usipokunywa watasema una hatia. Ukinywa ukaharisha, watasema una hatia. Ukinywa ukabaki mzima, safari ijayo vikombe vikizidi kwenye beseni atapanda tena basi la Mafinga kutafuta shayiri. Anasema hatauliza tena. Mwanaume aliyepata mahali pa kuulizia haachi.

Jumapili iliyopita nilifundisha ile sura. Darasa la wakubwa. Niliisoma yote kwa sauti, sikuruka mstari. Walipiga kelele, mama mmoja alitoka nje kutema mate. Mzee wa kanisa Asukile ameniita kikaoni Jumanne. Nitakwenda, nimeshanyoosha gauni.

Chumba cha nyuma nimekifagia. Sisemi uje. Nasema kimefagiwa.

Eveline


Mgololo, kwa Juliana
30 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ninaandika mgahawani, kwenye meza ya nyuma, Juliana ameniwekea chapati na mimi nimeila yote. Ni mara ya kwanza kwa siku nyingi chakula kukaa tumboni. Natumaini kikao chako na mzee Asukile kilikwenda vizuri, na kama hakikwenda vizuri natumaini uliongea wewe zaidi.

Jana nilikwenda. Nilikuwa nimeamua kunywa. Sikufichi. Nilifumua rasta mwenyewe asubuhi, nikaoga, nikavaa gauni nililovaa siku ya kutolewa posa. Obeid alinishika kiuno njia nzima. Alikuwa mpole sana, alinivusha matope kama yai.

Sebule ya Mzee Ezron ilikuwa na watu kumi na mbili hivi. Wakanipa unga wa shayiri kwenye kiganja niushike. Mzee akapiga goti, akazoa vumbi kwa kijiko cha chai chini ya benchi, manyoya mawili ya kuku yakaja nalo, akayatoa kwa kidole akasema asante Bwana. Halafu akachana karatasi ya daftari, akaandika laana kwa peni. Shangazi, wino wa peni hautoki kwa maji! Akaiosha, haukutoka. Akaisugua kwa dole gumba, ukucha wake mweusi ukaingia kwenye maji. Haukutoka. Akasugua mpaka karatasi yenyewe ikaoza ikawa mapande, yakaelea kama maziwa yaliyoganda. Bibi mmoja nyuma akasema, "Enzi zao hawakuwa na peni za madukani." Wengine wakamnyamazisha.

Mzee akamimina kwenye kikombe. "Sema amina, mara mbili."

Nikasema, "Mzee wangu, naomba kuuliza."

"Hapa mwanamke hajaja kuuliza."

"Imeandikwa apelekwe kwa kuhani wa ukoo wa Haruni. Wewe ni wa ukoo huo?"

Yule bibi wa nyuma akacheka kwa sauti. "Huyu? Huyu ni Mbena wa Makambako, tunamjua mpaka mbuzi wa baba yake!"

Mzee Ezron akakunja shingo. "Ukuhani siku hizi ni wa kiroho."

"Na hema je? Imeandikwa vumbi la sakafu ya hema."

"Hema ni la kiroho. Ni moyo wa muumini."

"Kumbe kuhani wa kiroho, hema la kiroho, vumbi tu ndilo la kweli?"

Mama mkwe akaniambia ninyamaze, namwaibisha mwanawe. Nikamtazama yule mwanawe. Alikuwa anatazama kikombe, anasubiri. Nakuambia ukweli, hata hapo ningekunywa. Hoja zangu zilikuwa zimekwisha, na nilimpenda. Nilikipokea kikombe. Kilikuwa kinanuka banda. Nikakileta mdomoni, nikakishusha. Nikaona siwezi peke yangu. Sikuwa na hila yoyote, shangazi, naapa. Nilitaka tu anisaidie, kama anavyoonja uji wangu kabla sijaunywa nikiumwa.

Nikamwambia, "Obeid, onja kidogo na wewe, halafu nitamaliza. Huna hatia, hayatakudhuru."

Nikamsogezea.

Akarudisha kichwa nyuma. Pua ikajikunja, mdomo ukajibana, akasukuma mkono wangu kwa mgongo wa kiganja chake, maji yakamwagikia suruali, akaruka kama ameunguzwa na moto. Akasema, kwa sauti ile ile nzuri, mbele ya watu wote:

"Mimi ninywe uchafu huu?"

Hakuna aliyeitikia amina.

Alijua alichosema. Nilimwona anakijua, taratibu, kuanzia masikioni. Mzee Ezron alianza kusema kwamba mume haandikiwi kunywa, ni kweli haandikiwi, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Nilielewa kitu ambacho barua zako zote zilikizunguka. Hajawahi kuyaamini yale maji, hata siku moja. Aliamini kwamba nitayanywa, basi. Alichotaka kukiona ni kikombe kikiwa mdomoni mwangu.

Nikakiweka sakafuni, katikati yao. Unga nikaumwaga kwenye kuku. Nikatoka.

Alinifuata mpaka njia panda, akaniita kwa jina analoniitia tukiwa wawili. Nililiandika hapa nikalikata. Akasema nisamehe, akasema tutahamia Mafinga, akasema kikundi ameacha leo leo. Labda kweli ameacha. Nikamwomba simu yangu. Akapapasa mifuko yote, akasema ipo kazini.

Bado nampenda, shangazi, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi ya vyote. Nikifumba macho naona anamenya viazi. Nikiyafumbua naona pua yake ilivyojikunja. Vyote viwili ni yeye, na sitaki tena kuchagua kimoja nikaruka kingine.

Barua hii inatangulia na basi la leo, mimi nafuata Jumatatu. Sina sanduku, nina mfuko wa Juliana. Usimwambie Adrian aje kunipokea, sitaki lori lolote mlangoni. Na majirani wa Soweto watatoka kwenye vibaraza, nawajua, watakuuliza. Usiseme nimekuja kusalimia. Waambie nimerudi.

Tupokigwe